Nani Alilala na Mzazi?

Bwana harusi wa pwani ya zamani alikuwa na madeni mengine mbali na mahari. Baba wa bibi harusi alipewa kilemba. Mama yake alipewa mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo ambayo mama alifungwa tumboni alipotoka uzazini, na ubeleko ni ile aliyombebea mtoto mgongoni. Binti mwenyewe wakati huo keshavunja ungo, keshafundwa, na huyo kijana hakuwahi kumwona akiwa kichanga. Hata hivyo alidaiwa. Kabla ya kumchukua mtoto wa watu, alilipia kwanza mgongo uliombeba na usiku ambao mama hakulala. Baadaye vitu hivyo vikageuzwa fedha, na leo katika posa nyingi mshenga huvitaja upesi upesi, mtu anaandika kiasi, wazee wanaendelea na habari ya kitanda na kabati. Mimi nikisikia ubeleko unatajwa hutega sikio, kwa sababu ndani ya deni lile mna habari ya namna watu wetu walivyomlaza mtoto mchanga, na nani aliyebeba gharama ya usingizi wake.

Kazi yangu ilikuwa ukunga. Nimezaliwa Pangani, nikalelewa na bibi mzaa mama ambaye naye alikuwa mkunga, yeye wa mtaani, mimi wa kusomea. Nimestaafu, ila mabinti wa jamaa na wa majirani bado wananipigia simu usiku. Wengi wako Dar es Salaam, wengine mbali zaidi, Muscat au Uingereza, na swali lao halibadiliki: "Shikamoo bibi. Mtoto hataki kulala peke yake. Nikimpakata analala, nikimweka kitandani tu anaamka. Ana nini?"

Hana kitu. Ana siku kumi duniani, basi.

Swali hilo bibi yangu hakupata kuulizwa. Watoto wa Pangani walikuwa kama hawa wa leo, wakiwekwa chini wanashtuka na kulia. Lakini hapakuwa na mtu aliyetazamia mtoto mchanga alale peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu alipokataa. Wazo la kwamba anapaswa kulala peke yake lilianzia mahali, likasafiri, likatufikia katika miaka inayojulikana. Na lilipokuwa linaingia kwa mlango wa mbele, kitu kingine kilikuwa kinatoka kwa mlango wa uani, nacho ndicho kinachonisumbua zaidi.

Nianze na arobaini. Mimba ya kwanza binti alirudi kwao kujifungulia kwa mama yake. Alipewa chumba cha ndani, mbali na upepo na macho ya wapita njia. Mume alihamia ukumbini au kwa ndugu zake, na hakurudi kwenye kitanda kile mpaka siku arobaini zitimie. Kitanda chenyewe kilikuwa cha kamba, kimewambwa kwa nguvu hata ukikipiga kiganja kinalia, juu yake mkeka, juu ya mkeka kanga iliyokunjiwa chini ya ukingo. Mto ulikuwa wa mama, mtoto hakuwekewa. Pembeni ya kitanda, sakafuni, palitandikwa mkeka mwingine. Huo ulikuwa wa mtu wa usiku.

Mtu wa usiku angeweza kuwa bibi, shangazi, somo wa mzazi, au jirani mtu mzima aliyekwisha kuzaa na kulea. Walipokezana. Mzazi alinyonyesha akiwa amelala ubavu. Akimaliza, yule wa chini ananyoosha mikono, anampokea mtoto, anamcheulisha, anambadilisha nguo, kisha anamrudisha kwa mama au anatoka naye ukumbini akitembea naye taratibu hadi adhana ya alfajiri. Kukipambazuka anakuja wa mchana. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anakunywa uji wa pilipili manga, analala. Narudia: analala, mchana kweupe, na hakuna anayemwita mvivu. Kufagia, kuteka maji, kupika, kupokea wageni waliokuja kumpa pongezi, yote hayo yalikuwa na wenyewe.

Mtoto hakuachwa peke yake hata mchana. Mzazi akienda msalani, mtu alikaa chumbani. Mtu asipopatikana, kisu au kipande cha chuma kiliwekwa karibu na kichwa cha mtoto, kwa sababu majini wanaogopa chuma. Mtoto alifungwa mvuje ndani ya kitambaa cheusi, na harufu yake ndiyo iliyokuambia ukiwa bado mlangoni kwamba nyumba hii ina mzazi. Dege nalo, yule ndege wa usiku aliyeaminiwa kuwaletea watoto kifafa, halikukosa kutajwa. Bibi aliamini yote hayo kwa moyo mmoja. Mimi nimesomea mambo mengine, lakini nayaheshimu kwa kazi yaliyoifanya: yalihakikisha jicho la mtu mzima halibanduki kwa mtoto saa ishirini na nne. Siku hizi wizara huchapisha mabango kutafuta jambo hilo hilo.

Namna bibi alivyomweka mtoto chini nimeifuata maisha yangu yote, na inafaa ielezwe polepole. Hakumweka alipofumba macho. Alisubiri. Alikuwa akiunyanyua mkono mdogo kwa kidole kimoja kisha anauachia; ukishuka kwa ugumu, aliendelea kumpakata; ukianguka wenyewe kama kitambaa kilicholowa, alijua usingizi umeshika. Hapo aliinama mwili mzima, mtoto bado kifuani, akagusisha makalio ya mtoto kitandani kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho. Mkono mmoja ulibaki kifuani kwa mtoto, mzito kidogo, na mwingine ulikuwa bado chini ya shingo. Aliondoa wa shingoni. Wa kifuani aliuacha hadi pumzi itulie. Kanga iliyotandikwa chini ilikuwa imevaliwa na mama mchana kutwa, ina jasho lake na maziwa yake. Mtoto alichukuliwa kutoka kwa mama akawekwa kwenye harufu ya mama.

Niliposoma ukunga nilijifunza kwamba ule mshtuko wa mtoto anayewekwa chini, mikono ikitawanyika kama anayeanguka, una jina la daktari Ernst Moro aliyeueleza mwaka 1918. Ukianza na kichwa unauamsha. Ukianza na makalio mara nyingi unapita salama. Na mwaka 2022 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Kumi Kuroda, walichapisha kipimo chao: mtembeze mtoto anayelia kwa dakika tano bila kusimama simama, akilala kaa naye kati ya dakika tano na nane ndipo umweke. Bibi hakuwa na saa, alikuwa na ukumbi mrefu na subira.

Nisije nikaeleweka kwamba kila cha kale kilikuwa dhahabu. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano yenye kinga yote, nyumba nyingi zilikamua na kumwaga zikidhani ni machafu, mtoto akapewa maji au asali. Jiko la mkaa liliwekwa chini ya kitanda cha mzazi na madirisha yamefungwa. Kamba za hirizi shingoni mwa mtoto aliyelala zilikuwa hatari. Hayo tuliyapiga vita katika kliniki na tulikuwa na haki.

Kuna jingine zito zaidi ambalo wapenda mila hulipita kimya kimya. Mtu wa usiku hakuwa daima shangazi mwenye mapenzi. Katika nyumba za wenye nacho wa Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo, aliyekesha na mtoto wa bwana alikuwa mjakazi, naye pengine ana kichanga chake mwenyewe kinacholia kwenye kibanda cha nyuma. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alisimulia maisha ya majumba yale katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza jinsi mtoto alivyovingirishwa vitambaa kuanzia mabegani hadi miguuni, mikono imenyooshwa, kwa siku arobaini, akifunguliwa wakati wa kuogeshwa. Mikono iliyomvingirisha na kumfungua inajulikana ilikuwa ya nani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika si mpaka 1922. Usingizi wa baadhi ya mabibi ulinunuliwa kwa usiku wa wanawake wengine, na historia ya arobaini isiyosema hivyo ina pengo.

Salme mwenyewe alionja upande wa pili. Alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaishi Hamburg, na watoto wake watatu waliokua alizalia huko kati ya 1868 na 1870. Kisha mume akafa ghafla. Binti wa sultani, aliyekulia katika nyumba ambamo hata kulala hukulala peke yako, alibaki na watoto wadogo watatu katika mji wa baridi, hana mama, hana somo, hana shangazi. Nikizungumza na mabinti wa Leicester huko Uingereza na wa Muscat humkumbuka yeye.

Mwenzake wa kuandika ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu kinachofahamika kwa jina la Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, kimejaa kalamu yake, na mambo ya uzazi anayaweka mapema kabla ya kufika kwenye ndoa na biashara. Ukikisoma kitabu kile kwa jicho la mkunga utaona kwamba mtoto mchanga hatajwi akiwa peke yake. Daima yupo mtu, mwenye jina la kazi yake, na malipo yake yamewekwa.

Sasa tuvuke bahari tulitazame lile wazo lilikotoka.

Ulaya nako mama na mtoto walilala pamoja karne nyingi, lakini hofu ilikuwapo. Huko Firenze, Italia, kufikia karne ya 18 palitumika kifaa cha mbao na chuma kiitwacho arcuccio, kama tenga lisilo na kuta, alimolazwa mtoto kitandani ili mama au mnyonyeshaji asimlalie. Hofu ilizidi miji ya viwanda ilipojaa. Mwaka 1892 Charles Templeman, daktari wa polisi wa Dundee, Scotland, aliandika juu ya vichanga 258 waliokufa kwa kukosa hewa kitandani. Sehemu kubwa sana ya vifo hivyo ilitokea usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, na Templeman alitaja ulevi, ujinga na msongamano wa watu katika chumba kimoja. Mshahara ulilipwa Jumamosi, pombe ikanywewa Jumamosi, kitanda ni kimoja na walalaji ni watano. Mwaka 1908 Uingereza ikatunga sheria ya watoto iliyomhesabia kosa mtu mlevi aliyelala na mtoto mdogo akamfisha. Ukipima kwa haki, sheria ile ilikamata chupa. Lakini fundisho lililosafiri duniani lilikilaumu kitanda.

Wakati huo huo alikuwako New Zealand daktari Frederic Truby King. Mwaka 1907 alianzisha huko Dunedin chama kilichokuja kuitwa Plunket, na mafundisho yake yakaenea himaya nzima ya Waingereza: mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, usiku asinyonyeshwe, alale kwenye kitanda chake katika hewa safi, asipakatwe pakatwe akazoea. Mmarekani John B. Watson mwaka 1928 alikwenda mbali zaidi, akawaonya wazazi dhidi ya kuwakumbatia na kuwabusu watoto. Naweza kumsamehe Truby King mengi, maana aliwasukuma watu kwenye usafi na maziwa ya mama wakati vichanga wanakufa kwa kuhara. Hilo la saa silisamehe. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, maziwa ya mama husagika haraka, na mwili wake hautofautishi usiku na mchana kabla ya miezi miwili mitatu. Kumdai alale usiku kucha ni kumdai meno.

Vitabu hivyo vilipanda meli vikaja Nairobi na Dar es Salaam ndani ya masanduku ya wake wa maofisa. Bibi wa Kizungu aliweka saa ukutani, na yaya Mwafrika aliyeajiriwa kulea, mtoto akilia, alimbeba mgongoni. Kisha mafundisho yakaingia kwenye vyuo na wodi zetu. Sisi wanafunzi wa ukunga tulifundishwa kuwatoa watoto kwa mama zao baada ya kuzaliwa na kuwapanga kwenye chumba chao, vitanda vidogo mstari kwa mstari, tunawapeleka kunyonya kwa ratiba. Usiku chumba kile kilikuwa kilio kitupu. Akianza mmoja, wanaitikia wote. Mama wako upande wa pili wa ukuta, maziwa yanawachuruzika wakisikia, na sisi tumeambiwa tusiwapelekee mpaka muda ufike. Hali haikubadilika ila baada ya WHO na UNICEF kutoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, na mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto mwaka 1991. Hatua ya saba ilisema mama na mtoto wakae chumba kimoja saa zote ishirini na nne. Wakunga wa mtaani walisikia habari ile wakashangaa kwamba ilihitaji kutangazwa.

Ushahidi mwingine ulikuwa umepatikana hapa hapa Afrika Mashariki miaka mingi nyuma. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Kampala, na kwa miezi kadhaa akawa anatembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na mji. Alikaa sebuleni, akatazama mama na watoto wao, akaandika. Alichoona ni kwamba watoto ambao mama zao walizijua dalili zao na kuziitikia upesi walilia kidogo, na walithubutu kutambaa mbali zaidi kutazama dunia mama akiwapo. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya elimu ya leo juu ya mapenzi ya mtoto na mlezi imeota katika vibaraza vile vya Buganda. Watu hulitaja jina la Ainsworth wakafikiri habari zote ni za Marekani. Msingi ni wa kwetu, na akina mama wale wa Kiganda wanastahili sifa yao.

Miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Watoto walilala kifuani kwa mama na kunyonya watakapo. Wenzao wa Marekani wakiwa na miezi minne hivi walikwisha kufikia kulala saa nane mfululizo. Wa Kokwet waliendelea kuamka amka kwa miezi mingi zaidi, na mama zao hawakuliita jambo hilo ugonjwa. Kwa hiyo atakayekwambia kwamba mtoto anayelala na mama hulala usiku kucha anakudanganya. Anaamka. Tofauti ni kwamba kumrudisha usingizini huchukua dakika chache, na asubuhi hakuna anayemdai mama awahi daladala.

Halafu likaja la watoto njiti. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na inkubeta chache, watoto wamerundikana, maambukizi yanawamaliza. Akawaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa nguo. Sisi tuliita huduma ya kangaruu, na nakumbuka nesi mwenzangu alivyotazama picha ya mafunzo akasema, "Huu si ubeleko umegeuzwa mbele?" Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, wa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo moja na pungufu kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0, waliosubirishwa kwanza katika uangalizi wa kawaida walikufa asilimia 15.7. Ndipo WHO mwaka 2022 ikaagiza kifua cha mama kianze mapema, bila kungoja.

Baada ya kusema hayo yote, simwambii binti wa Kariakoo au wa Leicester amchukue tu mtoto akalale naye. Kitanda chake si kile cha bibi. Amelalia godoro la sponji linalobonyea, amejifunika blanketi zito, mito minne, mume yuko upande wa pili amechoka au amekunywa. Mkeka wa sakafuni haupo na mtu wake hayupo. Tumekibakiza kitanda tukapoteza kila kilichokifanya salama. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana: wengi Marekani na Uingereza wanashauri chumba kimoja, vitanda viwili, wengine wanaona mama anayenyonyesha anaweza kulala na mtoto mradi masharti yatimizwe. Lakini katika masharti hawabishani, nami nayasema kama nilivyoyasema kliniki. Mtoto alale chali. Uingereza ilipoanza kulitangaza hilo mwishoni mwa 1991, vifo vya ghafla vya vichanga vilipungua kwa zaidi ya nusu. Alale pagumu, bila mto wala blanketi karibu na uso. Aliyekunywa pombe, aliyemeza dawa za usingizi, anayevuta sigara, asilale naye. Mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo awe na kitanda chake karibu na mama. Na kwenye kochi, kamwe. Kochi linaua kuliko kitanda, na mama aliyechoka akijilazimisha kukaa ili asilale ndiko anakosinzia.

Napenda walichofanya Wamaori wa New Zealand, nchi ile ile ya Truby King. Katikati ya miaka ya 2000 walianza kusuka vikapu vya majani viitwavyo wahakura, mtoto analala ndani ya kikapu, na kikapu kinakaa kitandani kwa mama. Mikono yetu ya kusuka ukili na mikeka ingeweza kutengeneza kitu kama hicho, na nyumba nyingi za pwani zilishakuwa na susu, kitanda kidogo cha kuning'iniza karibu na mama. Nawaomba akina mama wa vikundi vya ususi, Tanga, Pemba na Lamu, walifikirie jambo hili pamoja na wauguzi wa kliniki zao.

Ila kikapu hakikeshi. Kinachomvunja mzazi wa leo ni kwamba kazi iliyofanywa na watu wanne anaifanya mmoja. Nilikwenda kumtazama binti mmoja katika fleti ya ghorofa ya tatu, siku ya kumi na mbili ya uzazi. Sinki limejaa vyombo, mume kaenda kazini, mama mzazi yuko Korogwe analima na atakuja "wiki ijayo", wifi ametuma emoji za pongezi. Binti alikuwa ameandika kwenye daftari saa alizolala tangu juzi na hazikufika tano. Nilimpokea mtoto nikamwambia aende chumbani afunge mlango. Alilala kuanzia dhuhuri hadi alasiri imepita. Mtoto alilala kifuani kwangu muda wote huo, hakulia ila mara moja. Alipotoka aliniuliza nimempa dawa gani.

Kwa hiyo ombi langu siliweki kwa mzazi. Nalileta kwa ninyi mnaopanga kwenda kumwona mtoto. Mkipika, pelekeni chakula kilicho tayari, msikae kungoja chai. Shangazi anayeweza, alale pale usiku mmoja kwa wiki. Mume ajue kwamba kumtembeza mtoto ukumbini hakuhitaji maziwa, kunahitaji miguu, na saa za kati ya saa tatu usiku na saa saba ni zake. Mama mkwe akifika, apokee mtoto kwanza, maoni baadaye. Mwajiri naye akumbuke kwamba sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 na baba siku tatu. Hizo za baba ni chache mno, na wabunge wakiijadili tena nawasihi wazifikirie zile arobaini. Na wewe mzazi, ukiulizwa unataka uletewe nini, usiseme nguo wala sabuni. Sema unataka mtu wa usiku.